Kipimo cha Njia Namba Tisa

Jumatatu, 15 Aprili

Leo wametufungia vidude. Kila basi la shule limepata kijisanduku cheusi chini ya usukani. Kinapima basi limetoka saa ngapi, limesimama wapi, limerudi saa ngapi. Wiki nzima. Mwenye vidude ni dada mmoja wa kampuni ya Madison, anaitwa Brenna, amekuja na viatu vyeupe pe. Nikamwambia viatu hivyo havitatoka karakana hii vikiwa na rangi hiyo. Akacheka kwa adabu. Nitamzoesha tu.

Gordy, bosi wetu wa mabasi, alitukusanya kwenye mashine ya kahawa akasema tuendeshe kama siku zote. Bima ya afya ya wafanyakazi imepanda tena, na bodi ya shule inataka kujua kila dereva anafanya kazi saa ngapi kwa wiki. Nikamuuliza kama kile kisanduku kinapima na sura ya dereva. Akasema kingekuwa kinapima sura, Rollie, leo usingemaliza zamu.

Mimi ni dereva wa akiba. Yaani sina njia yangu, ninazo zote. Akiugua wa namba mbili, naitwa mimi. Akifiwa wa namba saba, mimi. Siku ambayo hakuna mgonjwa nashika spana hapo karakana, kwa hiyo saa zangu nane zipo kila siku, iwe theluji iwe jua, na bima yangu imekaa imara kama nguzo. Hakuna mtu Alder Forks nzima anayezijua barabara hizi kama mimi. Nimeendesha lori majimbo arobaini na manane. Nimekuwa baharia. Nimekula pweza Napoli na nimepigwa ngumi Manila, na kote kule nilikuwa na haki. Shule niliiacha darasa la kumi, lakini ramani yote iko kichwani.

Wiki hii nimeshika namba tisa, njia ya Mai See Vang. Mumewe Tou ana kizibo cha moyo kinachovuja, na madaktari wa Milwaukee wanataka kumchunguza vizuri. Namba tisa ndiyo njia ndefu kuliko zote: changarawe, mashamba ya ng'ombe wa maziwa, vivuko viwili vya reli, mpaka kule ziwani. Nikamwambia binti, nenda na mumeo, basi lako nitalilea.

Jumatano, 17 Aprili

Rekodi!

Nimerudi karakana asubuhi kabla ya namba nne, kabla ya namba saba, kabla ya kila mtu. Nimekunywa kahawa, nimekula keki, nimesoma gazeti zima pamoja na matangazo ya vifo. Ndipo wenzangu wakaanza kuingia mmoja mmoja kama bata. Nikawauliza kama walipitia Kanada.

Siri yake si kukimbia. Sikimbii, kisanduku kingeniona. Siri ni kutopoteza muda. Mai See anangoja kila mtoto akae, afunge zipu, amalize hadithi yake. Mimi natia gia mtoto akiwa bado yuko kwenye kijia cha katikati, wanajifunza kushika viti. Mai See akimaliza anatembea mpaka nyuma ya basi kuangalia kama kuna aliyelala. Mimi nina kioo. Na pale kwenye reli sheria inasema usimame kabisa, zima redio, zima feni, fungua mlango, fungua dirisha, sikiliza, tazama, funga, nenda. Sawa. Lakini ile ni reli ya kiwanda cha karatasi. Treni yenyewe hupita mara chache, tena taratibu kama bibi harusi. Nagusa breki, natupa jicho kushoto, natupa jicho kulia, twende. Watoto wanapiga makofi. Wanasema Bwana Rollie ni mkali.

Ni kweli.

Ijumaa, 19 Aprili

Brenna ameng'oa vidude vyake. Viatu vimekuwa vya kijivu, nilivitazama tu. Aliniambia mbele ya watu kwamba namba tisa imetoka kuwa njia yenye ufanisi kuliko zote katika wilaya ya shule. Ufanisi! Nikanunua donati za karakana nzima.

Jioni samaki wa kukaanga na Marlys pale Legion, ukumbi wa askari wastaafu, kama kila Ijumaa. Mke wangu alitembea na fimbo moja tu kutoka kwenye gari mpaka kwenye meza. Sindano mpya zinamfaa. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na ugonjwa ulikuwa umeanza kumla mikono. Leo alikata samaki wake mwenyewe, halafu akakata na wangu kwa sababu nilikuwa nasimulia. Niliwasimulia meza tatu habari ya ufanisi. Marlys alisema meza ya nne wanalia kwa kukosa.

Mai See amerudi. Upasuaji wa Tou umepangwa Oktoba, baada ya mavuno ya bustani yao, Tou mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo. Aliniletea wali wa kunata kwenye kopo, bado wa moto. Nikamwambia njia yako nimeifanya nyota. Akasema asante, mjomba.

Jumatano, 8 Mei

Sijui nianzie wapi.

Bi. Aldous, mkurugenzi wa shule zetu, alikuja karakana mwenyewe. Si kawaida yake. Alisimama kati ya basi la tatu na la nne, akasema bila kusoma mahali popote. Bima imepanda kwa sehemu moja ya tano. Mwaka jana hivyohivyo. Mwaka juzi ilimla mwalimu wa muziki. Mwaka jana ikamla mwalimu wa Kijerumani. Mwaka huu inamtaka mkutubi na nesi wa shule ya msingi, na bodi imekataa kumtoa nesi. Kwa hiyo kuanzia muhula ujao ni sheria ile kavu: dereva ambaye njia yake imefikisha saa thelathini kwa wiki, kwa kipimo, atalipiwa bima, yeye na familia. Ambaye haijafika, hapana. Zamani walikuwa wanakadiria tu na wanatufumbia macho. Sasa hawawezi.

Nilitaka kumchukia. Lakini yule mama alikuwa na macho ya mtu aliyekesha wiki, na alipomaliza hakukimbilia gari lake. Alibaki pale ili atukanwe. Watu wakamtukana kidogo, kwa heshima, kama tunavyofanya huku. LaDonna wa namba nne alimuuliza kama nyumbani kwake wanakula. Bi. Aldous akasema mumewe ni mkulima na bima yao ni hii hii anayoizungumzia.

Ndipo Gordy akasoma vipimo. Moja, thelathini na mbili. Mbili, thelathini na moja. Tatu, thelathini na nusu. Watu wanapumua. Nilikuwa na biskuti mdomoni.

Tisa, ishirini na nane na robo.

LaDonna akasema haiwezekani namba tisa iwe fupi kuliko yangu, mimi nageuzia hapo kwenye mnara wa maji. Gordy akasema mashine ndiyo imesema. Mai See alikuwa amekunja mikono ndani ya mikono ya sweta, anatazama tairi la basi lake.

Na mimi. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata kanisani, hata kwenye mazishi ya baba yangu. Nilisimama na ile biskuti. Haikutafunika.

Alhamisi, 9 Mei

Mai See alinikuta kwenye pampu ya dizeli. Aliniuliza taratibu, mjomba, ile wiki ulipitia wapi? Kuna njia ya mkato?

Nikasema barabara zilikuwa kavu.

Zilikuwa kavu, ni kweli.

Halafu akasema, "Basi labda mimi ni mzito. Labda miaka yote hii nimekuwa nikiwaibia saa na sijui."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayehesabu dhambi zake. Dereva bora kuliko wote tulionao, na ninajihesabu na mimi humo, jambo ambalo silifanyi. Dizeli ikamwagika kwenye viatu vyangu. Leo nimekula chakula cha mchana peke yangu ndani ya basi bovu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Marlys alikuwa ameoka pai ya rubabu, yale mabua machachu, akasema tunaipeleka kwa Mai See, hujaenda kumwona Tou tangu arudi, una nini wewe? Nikasema sina kitu. Akasema, hicho ndicho kinachonitisha.

Nyumba imejaa miche. Nyanya, pilipili, matango, kwenye vikombe vya karatasi, kila dirisha. Tou amekaa kwenye kochi amezungukwa na vikombe kama mfalme, anaing'oa midogo kwa vidole viwili. Fundi wa mapaa huyu, nilimwona mwaka juzi anapanda ngazi na mzigo wa vigae begani huku anapiga mluzi. Sasa akiinuka kwenda chooni anasimama njiani, anajifanya anatazama picha ukutani.

Tulikula kuku wa kuchemsha na majani ya bustani yao, wali wa kunata, na pilipili ya mama yake Tou ambayo ni silaha ya kivita. Nikasema nimeonja moto zaidi Manila. Yule bibi hajui neno la lugha yetu hata moja, akaniongezea kijiko. Nikalia machozi, wote wakacheka, na mimi nikafurahi kupata sababu ya machozi.

Kwa muda ilikuwa kama zamani. Halafu Marlys, ambaye hazunguki, akauliza mtafanyaje Oktoba.

Mai See ameulizia bima ya kujinunulia. Anayoweza kuilipa, madaktari wa Tou hawamo. Ameulizia kazi kwenye kiwanda cha nyama, bima ya pale ni nzuri lakini ingeanza baada ya Oktoba kupita. Tou akasema upasuaji usogezwe. "Kizibo hiki kimenibeba miaka arobaini kikiwa kibovu," akasema, akijigonga kifuani kwa kidole chenye udongo. "Kinibebe mwaka mmoja zaidi, nitakinunulia zawadi."

Mai See alisema daktari hakusema mwaka. Akasimama akaenda kuchukua sahani ambazo hazikuwa zimeisha chakula.

Njiani kurudi Marlys akasema masikini wale. Nikasema ndiyo. Akasema Rollie, umepita nyumba yetu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekwenda kwa Gordy. Nilikuwa nimejipanga kuzungukazunguka kidogo kwanza. Nikamuuliza, je, kipimo kinaweza kurudiwa?

Akasema hapana. Kampuni imelipwa, wiki imekwisha. Ila kwa sababu moja tu, iko kwenye mkataba: kama itathibitika basi halikuendeshwa kwa sheria. Hapo kipimo hicho ni batili na njia inapimwa upya.

Nikasema, sasa Gordy, tuseme kwa mfano—

Akainuka akafunga mlango. Ninamjua Gordy tangu alipokuwa na nywele. Hakurudi kwenye kiti, alisimama na mgongo mlangoni.

"Rollie, kabla hujaendelea. Nikishasikia, nimesikia. Mtu akivuka reli bila kusimama na watoto ndani, lazima niwaandikie watu wa jimbo siku hiyohiyo, na leseni yake ya basi inakwenda. Bila leseni sina kazi ya kumpa, hata ya kufagia. Sina mlango wa nyuma kwa hilo. Nimeutafuta wiki nzima."

Wiki nzima! Kumbe anajua. Kwa nini nishangae, kile kisanduku kinajua kila kitu, hakuna tu aliyekiuliza. Brenna alijumlisha saa akaenda zake. Gordy amewahi kuendesha namba tisa kwa muda mrefu kuliko yeyote, anajua haimalizwi kwa ishirini na nane na mtu anayesimama.

"Haya," akasema. "Ulikuwa unasema nini?"

Nikasema nilitaka kujua bawasiri zake zinaendeleaje.

Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na mzaha ulikuwa mzuri.

Jumanne, 14 Mei

Nimempata Bi. Aldous maegeshoni, anatoa maboksi kwenye gari. Nikambebea. Nikampa wazo langu, na bado naona ni wazo zuri: mimi nichukue namba tisa bila bima, Mai See achukue kazi yangu ya akiba na bima yake. Sikumwambia kwa nini. Nikasema mimi mtu mkubwa, nina ngozi ngumu.

Akasema ni jambo jema sana, Bwana Dombeck, lakini kazi ya akiba ikiachwa wazi inakwenda kwa aliyetumikia muda mrefu, na mbele ya Mai See wapo watatu. Akasema ameshakaa na majina yetu msimu wote wa baridi. Kila anapomwingiza mmoja upande huu anamsukuma mwingine upande ule.

Kisha akauliza, na mkeo je? Anajua kwamba Marlys anaumwa. Nikasema Marlys hana neno.

Marlys hajui chochote. Nimetoa bima ya mke wangu maegeshoni kama mtu anayetoa sigara. Ndiyo ukarimu wangu huo. Nikashusha boksi vibaya, vitabu vikamwagika, nikaviokota na kuondoka.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa anakata asparaga, siku ya mkono mzuri. Nilikalia kiti kinyumenyume kama kijana, nikaanza na mzaha, akasema acha mzaha. Basi nikasema yote. Reli. Watoto waliokuwa hawajakaa. Kioo badala ya kutembea. Ufanisi. Donati. Gordy na mlango wake. Kwamba nikisema kwenye mkutano wa bodi ya shule Jumatatu, njia itapimwa tena, Mai See ataendesha kama anavyoendesha, itafika saa thelathini na zaidi, Tou atapasuliwa. Na leseni yangu itakwenda, na kazi, na bima. Bima ya wazee ya serikali, umri wake bado sijaufikia, na yeye yuko mbali nayo zaidi yangu. Na sindano zile, dozi moja tu ni ghali kuliko gari letu.

Nikasema, kwa hiyo unaona, nisingekuwa na wewe ningekuwa nimeshasema.

Akaweka kisu chini.

"Sindano ni zangu, Rollie. Usijifiche nyuma yake."

Nikasema sijifichi. Akasema, "Sitakuambia sema, na sitakuambia nyamaza. Ukinyamaza, usije ukasema ulinyamaza kwa ajili yangu. Mimi naumwa, inatosha. Siwezi kuwa sababu yako pia."

Nikamuuliza anataka nini basi. Akasema anataka asparaga zisiungue. Tukala. Alikula vizuri. Aliniuliza kama nimemlipa yule fundi wa mashine ya kukata nyasi. Nikadhani imekwisha.

Baadaye nilipokuwa naosha sufuria nikasikia bomba la bafuni linafunguliwa, maji yanatoka tu, hayakatiki, na hakuna mtu anayeoga. Nilisimama nje ya mlango na taulo la vyombo. Nimeshawahi kupita kwenye dhoruba ya Atlantiki nikiwa nimejifunga kamba kwenye kitanda. Sikugonga.

Ijumaa, 17 Mei

Hatukwenda kula samaki. Marlys alisema amechoka. Nilitengeneza mayai.

Nimeendesha namba mbili leo, mwenye nayo anaumwa jino. Kwenye kivuko cha barabara ya mnara nilisimama kabisa. Nikazima redio. Nikafungua mlango. Watoto wa namba mbili wamezoea, hawakunyanyua hata kichwa. Upepo uliingia na harufu ya samadi. Hakuna treni. Nikasikiliza muda mrefu kuliko sheria inavyotaka, mpaka mmoja akauliza, Bwana Rollie, tumeharibika?

Jumatatu, 20 Mei

Kantini ya sekondari. Viti vya kukunja, taa zinazovuma. Naandika juu ya goti. Watu watadhani naandaa hotuba. Waache.

Jua bado kali nje, mlango umefunguliwa, vijana wanacheza besiboli pale uwanjani. Bodi wamekaa kwenye meza ndefu ambayo mchana huwa ya maziwa na vijiko. Mwenyekiti amesema mwananchi anayetaka kusema ajiandikishe mlangoni, dakika tatu kila mtu. Nimejiandikisha. Wa saba. Yule mama wa mlangoni alisema ah, Rollie, utatuchekesha leo?

Marlys yuko kwenye gari. Alikuja mwenyewe, alivaa koti bila kuombwa, lakini alisema hataingia. Amefungua dirisha. Nikikaa hivi naona kiwiko chake.

Gordy yuko ukutani nyuma, mikono kifuani. Ameniona. Ametikisa kichwa kidogo tu, sijui ni hapana au ni shingo.

Wa kwanza ni mzee Haugstad, mfugaji. Anasema kodi ya shamba lake inalipa bima za watu wa shule na yeye mwenyewe hana bima ya maana, alipovunjika kiuno alijifunga ubao akakamua. Watu wananung'unika, lakini hasemi uongo. Ninamjua yule ng'ombe aliyemvunja.

Wa pili, mama mmoja anataka muziki urudi. Amekuja na binti yake na filimbi. Binti hajapiga, ameishika tu.

Wa tatu. Wa nne, anasoma, anasoma polepole, asante Mungu.

Mai See ameingia. Ametoka moja kwa moja kupeleka timu kwenye mchezo wa ugenini, bado ana fulana ya njano ya dereva. Ametafuta kiti, amekuja kukaa hapa, upande wangu wa kutokea. Anasema Tou amemwagia miche maji mwenyewe leo, yote. Anasema hajui hata amekuja kufanya nini, nyumbani hakukaliki. Halafu anatazama kiganja changu kwenye kalamu, anauliza, "Mjomba, na wewe unasema? Unasema nini?"

Nimemwambia. Kwa kunong'ona, wa tano akiwa anazungumza. Nilidhani yatahitajika maneno mengi, yamekwisha kwa sentensi mbili. Sikusimama kwenye reli. Wewe si mzito.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi. Kwamba atalia. Kwamba atanikataza kwa ajili ya Marlys, na mimi nitamwambia hapana, binti, lazima, na atanishika mkono. Nakiri nilijitayarishia hilo la mkono.

Ameniuliza swali moja. "Watoto walikuwa ndani?"

Nimesema ndiyo.

Anatazama mbele, kwenye meza ya bodi. Ameuchukua mkoba wake uliokuwa sakafuni katikati yetu, ameuweka mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Wa sita amemaliza. Alikuwa mfupi. Mwenyekiti anatafuta jina, anavaa miwani. Bi. Aldous ameinua uso.

Wameniita.

Viti vimebanana hapa, sina pa kutokea ila mbele yake. Mai See amegeuza magoti pembeni, nipite.